Maji ya chini ya ardhi Lubumbashi: maswali mnayotuuliza kuhusu foraji kubwa na mabomba ya kupeleka maji mbali

Ukurasa huu tumeuandikia wakaaji wa pembezoni mwa Lubumbashi, hasa wale wa komini Annexe, Ruashi na Kampemba, na ndugu zetu wa vijijini kuelekea Kafubu na Kipushi, ambao maji yao yanatoka kwenye kisima cha lupangoni, yaani uani mwa nyumba. Maswali ni yale yale tunayoulizwa kila mkutano. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mnapinga nini hasa?

Tunapinga mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kuchimba foraji ndefu (visima vinavyotobolewa kwa mashine) zenye pampu kubwa mahali ambapo watu wanaishi kwa visima vifupi, bila mtu yeyote kupima kwanza visima hivyo vina maji kiasi gani. La pili ni kuyatoa maji hayo katika bonde moja na kuyapeleka kwa bomba hadi bonde lingine, au hadi kiwandani, kana kwamba huku yanakotoka hayana mwenyewe.

Hatupingi foraji ya shule wala ya kituo cha afya. Hatumpingi mtu anayechimba lupangoni kwake ili auzie majirani maji kwa bidoni.

Kwa hiyo hamtaki wa mjini wapate maji? Si ni ubinafsi huo?

Swali hili linatuuma, maana wengi wetu tuna dada na watoto wanaokaa mjini, komini za Kenya na Katuba, na tunajua wanavyoamka usiku wa manane kungoja robine ya maji ilie. Mwenye kiu ni mwenzetu. Lakini angalia inavyokuwa mara nyingi: maji yanachukuliwa kwa jina la wenye kiu, halafu bomba linapita mbele ya milango yao na kuishia kiwandani. Tunachodai ni kwamba anayetaka maji aseme wazi anayapeleka kwa nani, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kwamba wenye visima wasilipe gharama ya kiu ya wengine kwa visima vyao kukauka.

Masika ya kwetu ni makubwa. Maji ya chini yanawezaje kuisha?

Ni kweli Lubumbashi inapata mvua nyingi, karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Hiyo ni sawa na mita za ujazo 12,000 kwenye kila hekta moja. Ukisikia hesabu hiyo utadhani hatuwezi kamwe kukosa.

Ila karibu mvua yote hiyo inaanguka kati ya mwezi wa kumi na wa nne. Sehemu kubwa inanyonywa na miti ya miombo na mazao, inakauka kwa jua, au inakimbilia mtoni na kwenda zake. Kinachozama hadi kwenye mwamba wenye maji ni kipande tu. Mahali palipojengwa, penye mabati na barabara ngumu, kipande hicho kinapungua zaidi. Kisha inakuja miezi mitano au sita bila tone, na katika miezi hiyo maji ya chini ndiyo yanayolisha chemchemi, vijito na mto Kafubu wenyewe. Maji unayoyaona yakitiririka mtoni mwezi wa nane si ya mvua ya juzi. Yametoka ardhini polepole.

Ndiyo maana hatukubali mtu akisema maji ya chini ya ardhi «yamekaa bure». Kila lita tayari ina kazi: inajaza kisima, inalisha chemchemi, inaweka unyevu kwenye bustani za lengalenga ambazo akina mama wanalima kando ya mito wakati wa baridi. Ukiichukua, kuna mahali itapungua. Inawezekana ikachukua miaka kabla hatujaiona, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu aliyeichukua atakuwa amekwisha kuondoka.

Foraji ya kampuni ina mita 150, kisima changu kina mita 12. Vinagusana wapi?

Wataalamu wao hupenda kusema kwamba wao wanavuta «maji ya chini kabisa» na sisi tunakunywa «maji ya juu». Mahali pengine ni kweli, kama kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi katikati linalozuia. Mahali pengi si kweli. Mwamba una nyufa, na maji ya juu yanashuka kujaza nafasi ya yale yaliyovutwa.

Pampu ikianza kuvuta, maji yanayoizunguka yanashuka kwa umbo la faneli: karibu na foraji yanashuka sana, mbali yanashuka kidogo. Pampu ikiendelea mchana na usiku, faneli inapanuka. Foraji mbili zikiwa karibu, faneli zao zinakutana na kila moja inazidisha ya mwenzake. Wa kwanza kuumia ni mwenye kisima kifupi, kwa sababu kisima chake hakifiki chini kule maji yalikoshukia. Ni chungu kimoja cha munkoyo, na mwenye kikombe kikubwa ndiye anayeamua wengine watabakiwa na nini.

Tufanye hesabu ndogo. Pampu ya mita za ujazo 50 kwa saa, ikifanya kazi saa 20 kwa siku, inatoa mita za ujazo 1,000. Hizo ni lita milioni moja, yaani bidoni 50,000 za lita 20. Kila siku. Foraji moja.

Nitajuaje kama kisima changu kinashuka kwa sababu ya pampu yao, na si kwa sababu ya kiangazi tu?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na ndilo watakalokuuliza siku utakapolalamika: «Ushahidi uko wapi?» Usipokuwa na vipimo vya kabla, neno lako litapambana na ripoti yao yenye kurasa 200, nawe utashindwa hata kama una haki.

Kila kisima hushuka wakati wa kiangazi. Cha kutafuta ni kama kinashuka zaidi ya kawaida yake, na kama masika yakija kinarudi pale kilipokuwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo lazima uijue kawaida yake.

Namna ya kupima haihitaji hela. Tafuta kamba isiyovutika, ufunge nati nzito ya chuma mwishoni. Sehemu ya chini ya kamba, kama mita mbili hivi, ipake chaki au majivu makavu. Weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima, ili kila mara upimie pale pale. Nenda alfajiri kabla mtu wa kwanza hajachota, kwa sababu kisima kilichochotwa usiku wa kuamkia leo kinahitaji saa kadhaa kurudi. Teremsha nati mpaka usikie imegusa maji, izamishe kidogo, bana kamba kwa vidole pale kwenye alama ya rangi, kisha ipandishe. Chaki iliyolowa itakuonyesha maji yalifika wapi. Pima kutoka hapo hadi kwenye vidole vyako kwa mita ya fundi. Hicho ndicho kina cha maji. Andika tarehe, saa, kipimo, na jina la mwenye lupango. Kama jirani ana pampu, andika pia ilikuwa ikivuma au imezimwa.

Fanya hivyo kila wiki, siku ile ile. Visima vitano vya kartie moja, yaani mtaa mmoja, vikipimwa namna hii kwa masika moja na kiangazi kimoja, mna kitu ambacho hata ofisi nyingi za serikali hazina. Daftari lipigwe picha kila mwezi na nakala ikae kwa watu watatu tofauti, mmoja wao awe shefu wa kartie au pasta, mtu ambaye kila mtu anamwamini.

Kama foraji kubwa imekwisha kuchimbwa, dai kuambiwa siku ya jaribio la kuvuta maji. Jaribio la kweli huchukua muda mrefu, mara nyingi saa 72 mfululizo. Siku hizo pimeni visima vyenu kila baada ya saa chache. Kampuni inayopima kwenye foraji yake peke yake, bila kuangalia visima vya jirani, imepima faida yake na kuacha hasara yenu.

Migodi inaingiaje hapa?

Mgodi hauwezi kuchimba ndani ya maji. Lazima uyatoe. Kipushi, kama kilomita 30 kutoka Lubumbashi, inachimbwa tangu 1924, na tangu zamani ilibidi maji yavutwe bila kusimama. Kazi ya kuchimba ilisimama 1993. Mwaka 2011 pampu zilipoharibika maji yalipanda na kufurika ndani ya mgodi, na ilichukua miaka kuyashusha tena kabla uzalishaji haujaanza upya mwaka 2024. Hapo unaona nguvu ya maji yaliyoko chini ya miguu yetu, na unaona pia kwamba pampu za mgodi hazipumziki.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya foraji mpya, zisihesabiwe peke yake. Hesabu ni ya jumla: mgodi, kiwanda, Regideso (shirika la maji la serikali), hoteli, mashamba ya wakubwa, na visima vyetu. Kila mmoja anakuja na karatasi yake inayosema «athari ni ndogo». Ndogo kumi zikijumlishwa kisima kinakauka.

Kuna na uchafu. Kuvuta sana kunaweza kugeuza mwelekeo wa maji chini ya ardhi, na kama karibu kuna vyoo vya shimo au bwawa la taka za madini, sumu inavutwa kuelekea mahali pa kunywa. Novemba 2025 maji ya taka za kiwanda cha madini yalimwagika hadi kwenye makazi ya komini Annexe, watu wakayaona kwa macho. Yanayopita chini hakuna anayeyaona.

Ni kweli ardhi inaweza kutitia?

Kwenye miamba ya chokaa na dolomiti, ndiyo, inawezekana. Miamba hiyo ina mapango, na maji yaliyomo yanasaidia kuibeba ardhi ya juu. Afrika Kusini, magharibi ya Johannesburg, migodi ya dhahabu ilikausha maji ya dolomiti, na Desemba 1962 ardhi ilifunguka ghafla kwenye mgodi wa West Driefontein, ikameza jengo zima na watu 29.

Sehemu za eneo letu, kuanzia Kimilolo ambako mji unachota maji hadi upande wa Kipushi, zina miamba ya jamii hiyo. Hatutaki kumtisha mtu: si kila kartie iko juu ya mapango. Lakini anayetaka kuvuta kwa wingi ana wajibu wa kuonyesha kwamba ameangalia kilicho chini, kabla ya kuanza.

Kuna mahali watu wa kawaida walipinga wakashinda?

Wapo, na wapo walioshindwa. Tuanze na walioshindwa, kwa sababu kwao tunajifunza zaidi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mji wa Los Angeles, Marekani, ulinunua mashamba na haki za maji kimya kimya katika bonde la Owens. Wakulima wengi hawakujua mnunuzi ni nani. Mwaka 1913 mfereji wa karibu kilomita 375 ukaanza kupeleka maji mjini. Mwaka 1924 wakaaji wenye hasira waliteka malango ya mfereji, na wengine waliulipua kwa baruti, ila maji yalikwisha kuuzwa. Kufikia 1926 ziwa Owens lilikuwa limekauka. Mwaka 1970 mji ukaongeza mfereji wa pili, ukilishwa kwa sehemu na visima vya pampu, na chemchemi za bonde zikaanza kufa. Mwaka 1972 serikali ya eneo hilo ilikwenda mahakamani. Mapatano ya muda mrefu yakapatikana 1991. Vumbi la ziwa lile limeugharimu mji zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza. Wote wamepata hasara, na aliyetangulia kupata hasara ni mkulima.

Waliofanikiwa ni watu wa mashariki ya Nevada na jirani zao wa Utah. Mwaka 1989 Las Vegas iliomba haki ya kuvuta maji ya chini ya mabonde yao na kuyasafirisha kwa bomba la kilomita 480 hivi. Wafugaji, jamii za Wenyeji wa Amerika, wakulima na wapenda mazingira, watu ambao kawaida hawakai meza moja, walisimama pamoja kwa miaka 30. Hawakushinda kwa kelele. Walileta vipimo vya chemchemi na visima. Mwaka 2013 jaji alikirudisha kibali cha kuvuta kwa ofisi iliyokitoa ili kifikiriwe upya, akisema, kati ya mengine, kwamba hakuna kiwango kilichowekwa wazi ambacho maji yakifika lazima hatua zichukuliwe. Mwaka 2020 mji uliacha mpango.

Hispania nako, serikali ilipitisha 2001 sheria ya kuhamisha kila mwaka mita za ujazo milioni 1,050 za mto Ebro kwenda mabonde mengine ya pwani ya Mediterania, hasa ya kusini. Watu wa bondeni waliandamana kwa mamia ya maelfu, hadi Madrid na Brussels. Serikali mpya ilifuta uhamishaji huo 2004.

Na ile habari ya kupeleka maji ya Kongo hadi Ziwa Chad?

Inaitwa Transaqua. Wazo lilitolewa na wahandisi Waitaliano zaidi ya miaka 40 iliyopita: mfereji wa kilomita 2,400 unaokusanya maji ya mito ya kaskazini-mashariki ya nchi yetu na kuyapeleka Ziwa Chad, ambalo lilikuwa na kilomita za mraba kama 25,000 miaka ya 1960 na baadaye likapungua chini ya 2,000. Mwaka 2018, kwenye mkutano wa Abuja, viongozi wa nchi za ziwa walilipa wazo hilo nguvu mpya.

Mapendekezo ya awali yalitaja hadi mita za ujazo bilioni 100 kwa mwaka. Waungaji mkono husema ni asilimia chache tu za mto Kongo, na hesabu inatoa karibu asilimia 8. Lakini maji hayachukuliwi kule mdomoni mwa mto ambako ni mengi. Yanachukuliwa juu, kwenye matawi, karibu na watu wanaovua na kusafiri kwayo. Mto Ubangi tayari hukosa kina cha kupitisha mashua kubwa wakati wa kiangazi.

Lubumbashi iko mbali na huko, ila hoja ni ile ile: anayeamua hesabu ifanyiwe wapi ndiye anayeamua jibu. Na sisi tuna jirani wa kumheshimu. Kafubu inaingia Luapula, ambayo ni mpaka wetu na Zambia. Itifaki ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ya mwaka 2000 kuhusu mito ya pamoja inataka nchi ziarifiane kabla ya miradi inayoweza kudhuru upande wa pili.

Sheria za nchi zinatusaidia?

Zinasaidia kama mnazijua. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inatambua haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji inaweka maji katika mali ya umma. Hakuna mwenye cheo wala mwekezaji anayeweza kusema ni yake kwa sababu tu kiwanja ni chake. Sheria namba 11/009 ya 2011 juu ya mazingira, vifungu vya 21 na 24, inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, pamoja na kusikiliza umma, kabla ya mradi. Kabla. Mkutano unaoitishwa mashine zikiwa zimefika si kusikiliza umma.

Kwa kampuni za madini kuna pia kanuni iliyorekebishwa 2018: kitabu cha masharti na jamii, yaani ahadi za kampuni kwa wenyeji zilizoandikwa, na mchango wa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Mchango huo haununui ruhusa ya kukausha visima. Ni mambo mawili tofauti.

Wameahidi kutujengea robine kumi. Tukubali?

Ulizeni: nani atalipa umeme wa pampu? Ikiharibika, fundi ni nani? Mkataba wa robine unaisha lini, na wa kuvuta maji unaisha lini? Tumeona robine zilizozinduliwa kwa ngoma na hotuba, zikatoa maji miezi michache, na leo zimebaki vyuma vya watoto kupandia. Kisima kilichokauka, wakati huo, hakirudi kwa hotuba. Ahadi ya robine ni nzuri ikiwa imeandikwa, ina tarehe, na inasema kinachotokea isipotimizwa.

Mbona mnasema akina mama wakae mbele?

Kwa sababu wao ndio wanaojua. Baba akija mkutanoni atasema «maji yapo». Mama atakwambia kamba imeongezwa mara mbili tangu mwaka juzi, na kwamba saa tisa ya mchana ndoo inatoka na tope. Huko Plachimada, India, mwanamke wa kijiji aitwaye Mayilamma na wenzake walianza mwaka 2002 kukaa mbele ya kiwanda cha Coca-Cola baada ya maji ya visima vyao kuharibika. Kiwanda kilifungwa 2004.

Badala yake mnataka nini?

Mabomba ya zamani yanayovuja mjini yatengenezwe kwanza. Maji yanayopotea barabarani yamekwisha kuvutwa na kulipiwa umeme. Viwanda virudie kutumia maji yao. Chemchemi na misitu iliyo juu yake isiuzwe viwanja. Kama bado kuna haja ya foraji, basi: vipimo vya mwaka mzima kabla, visima vya uangalizi vinavyosomwa na watu wa kartie wenyewe, na kiwango kimoja kilichoandikwa ambacho maji yakishuka kukifikia pampu inazimwa. Bila kusubiri barua kutoka Kinshasa.

Wakija na karatasi ya kusaini, tufanye nini?

Msisaini siku hiyo. Hata kama wameleta soda na nauli. Orodha ya mahudhurio imewahi kutumiwa kama orodha ya waliokubali, kwa hiyo juu ya jina lako andika kwa mkono wako: «Nimehudhuria tu, sijakubali.» Ombeni nakala, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mkaisome pamoja na mtu anayejua sheria. Semeni mtajibu kwa maandishi baada ya siku 30. Kisha ambatanisheni na jibu lenu nakala ya daftari la visima, lenye tarehe na majina ya malupango.